Tundu la Faiba si Tundu la Chuma: Mwongozo Kamili wa Viungo vya Boliti Kwenye Minara ya Kimia

Mnara ulikuwa bado umelala chini, Mtongwe, Mombasa, juu ya magunia ya mchanga. Ulikuwa wa mita 12, wa kimia (umefumwa kama wavu), engo zote (vipande virefu vya umbo la L) za faiba ya glasi, wa kubebea antena za redio na kamera za kuangalia gati. Kabla ya kuusimamisha tulifunga winchi tukauvuta kichwa ili tupime viungo. Haukufika hata nusu ya nguvu iliyokusudiwa. Mshazari mmoja, yaani engo inayopita kwa hanamu kati ya miguu ya mnara, ulilia kama muwa unaovunjwa gotini, na mwisho wake ukachomoka kipande chenye upana wa boliti, kingo zake zimenyooka kama kilichokatwa kwa kisu. Boliti ilikuwa nzima. Engo yenyewe ilikuwa nzima. Aliyetoboa matundu alifuata mchoro wa mnara wa chuma, akaweka tundu la boliti ya milimita 12 umbali wa milimita 24 kutoka mwisho. Kwenye chuma umbali huo unatosha. Kwenye faiba ulikuwa nusu ya unaohitajika.

Mwongozo huu ni wa mafundi na wahandisi wa pwani wanaoanza kuletewa engo za faiba na kuambiwa wazifunge kama walivyozoea. Msizifunge kama mlivyozoea. Hapa chini nimeeleza hatua kwa hatua jinsi ya kupanga kiungo, kukipigia hesabu, kukitoboa na kukikaza, na nimetumia mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho ili kila mtu aweze kurudia hesabu kwa kalamu yake.

Kwa nini faiba imefika Mombasa, tunaoishi kisiwani hatuhitaji kuelezwa. Upepo wa bahari hula chuma kuanzia kwenye boliti, na mnara uliopakwa zinki ukikaa karibu na maji huanza kutoa machozi ya kutu mapema. Faiba ya glasi haishiki kutu. Uzito wake ni kama robo ya chuma: gramu 1.8 hadi 2 kwa sentimita ya ujazo, na chuma ni 7.85. Mawimbi ya redio hupita ndani yake. Haipitishi umeme pia, na kwa hiyo mnara wa faiba lazima upewe waya wake wa shaba wa radi kutoka kileleni hadi ardhini, kwa kuwa mwili wake hautaifanya kazi hiyo.

Hatua ya 1: Jua nyuzi zinaelekea wapi

Engo hizi hutengenezwa kwa pultrusheni. Maelfu ya nyuzi za glasi huvutwa kupitia rezini ya majimaji (utomvu wa plastiki unaoganda), kisha zikapitishwa kwenye kalibu yenye moto, na engo hutoka upande wa pili ikiwa imeshakauka. Nyuzi nyingi hulala kwa urefu wa engo. Juu na chini yake huwekwa mikeka myembamba ya nyuzi zilizoelekea kila upande, na ni mikeka hiyo tu inayoshika pale nguvu inapokuja kwa upande.

Chukua kipande cha mwanzi. Ukiuvuta kwa urefu hutauweza, lakini pigilia msumari karibu na ncha yake utapasuka papo hapo. Engo ya faiba ina tabia hiyohiyo, na boliti ndiyo msumari.

Kuna tofauti ya pili, nayo ni nzito kuliko ya kwanza. Chuma kikizidiwa mahali pamoja hunyooka kidogo, na mzigo ukahamia kwenye boliti ya jirani. Kwa hiyo kosa dogo la kutoboa husamehewa. Faiba hainyooki. Hubeba, hubeba, kisha huachia. Boliti iliyobana kwanza ndiyo inayobeba kwanza, na ikizidiwa hakuna mwenziwe atakayeipokea kwa wakati.

Hatua ya 2: Dai cheti, na usome safu mbili

Usinunue engo isiyo na cheti. Kiwango cha Ulaya cha EN 13706 kinazigawa katika madaraja mawili, E17 na E23, na namba hiyo ni ugumu wake kwa gigapaskali. Chuma ni 200 na ushei, kwa hiyo hata daraja la juu ni kama sehemu moja ya tisa ya ugumu wa chuma. Mnara wako utayumba zaidi, na hilo lipigiwe hesabu tangu mapema, hasa kama antena inatakiwa ilenge shabaha bila kuhama.

Kwa viungo, macho yako yaende kwenye nguvu ya ukuta wa tundu, yaani mkazo ambao faiba huuhimili boliti inapoisukuma. Kwa E23 kiwango cha chini ni megapaskali 150 (yaani nyutoni 150 kwa kila milimita ya mraba) boliti ikisukuma kwa urefu wa nyuzi, na 70 ikisukuma kwa upana. Kwa E17 ni 90 na 50. Nguvu ya kuvutwa nayo kwa E23 ni 240 kwa urefu na 50 tu kwa upana. Nguvu ya tabaka kushikana zisiteleze ni 25. Namba hizi tano au sita zinatosha kupanga kiungo. Muuzaji asiyeweza kukupa hata hizo, achana naye.

Kwa anayetaka kuingia ndani zaidi, Ulaya ilitoa waraka wa usanifu wa CEN/TS 19101 mwaka 2022, na Marekani ikatoa ASCE/SEI 74 mwaka 2023. Kabla ya hapo watu walitegemea zaidi vitabu vya watengenezaji.

Hatua ya 3: Chagua jinsi kiungo kitakavyoharibika

Wanafunzi hunishangaa nikiwaambia hivi. Kiungo chochote kina kikomo, na kazi ya mpangaji ni kuamua kikomo hicho kije kwa sura gani.

Sura ya kwanza ni tundu kupondeka. Boliti inausaga ukuta wa tundu taratibu, tundu linakuwa na umbo la yai, kiungo kinalegea na mnara unaanza kutoa mlio. Kuna onyo, na kuna muda wa kufanya jambo. Hii ndiyo tunayoitaka.

Ya pili ni mwisho kuchomoka, kama tulivyoona Mtongwe. Hutokea tundu likiwa karibu mno na ncha ya engo. Ya tatu ni mpasuko mmoja unaotoka tunduni kufuata nyuzi hadi nje, nayo huja pale engo ni nyembamba na boliti haiko katikati. Ya nne ni engo kukatika kabisa kwenye mstari wa tundu. Zote tatu huja ghafla kama kioo. Hatua mbili zinazofuata zina lengo moja, kuhakikisha kwamba kupondeka kunafika kabla ya hizo nyingine.

Hatua ya 4: Hesabu

Tuchukue mshazari wa engo ya milimita 76 × 76 × 6, daraja E23, uliofungwa kwa boliti za milimita 12 kwenye mguu wa mnara. Upepo umeuletea mvuto wa kilonyutoni 4.

Nguvu ya kupondeka kwa boliti moja ni unene mara kipenyo cha boliti mara nguvu ya ukuta wa tundu: 6 × 12 × 150, sawa na nyutoni 10,800, yaani kilonyutoni 10.8. Hii ni namba ya kwenye cheti, si ya kutumia kazini. Vitabu vya watengenezaji kwa kawaida hugawanya nguvu za viungo kwa 3 au 4. Mimi kwa pwani nagawanya kwa 4 bila kujadiliana na mtu. Tunapata 2.7 kwa boliti. Boliti mbili ni 5.4, na mvuto ni 4. Upande wa mshazari umetosha.

Wengi huishia hapo, na ndipo wanapokosea. Boliti ileile inashika vitu viwili. Mshazari unavutwa kwa urefu wa nyuzi zake, sawa, lakini mguu wa mnara umesimama wima na nyuzi zake ziko wima. Nguvu inayotoka kwenye mshazari inaingia mguuni kwa hanamu, pembe ya digrii 45 kwa mfano wetu. Huko huwezi kutumia 150. Njia salama ni kutumia namba ya upana, 70, mara tu nguvu inapoacha mstari wa nyuzi. Mguu ukiwa nao ni wa unene wa milimita 6: 6 × 12 × 70 ni 5.04, ukigawanya kwa 4 ni 1.26. Boliti mbili ni 2.52. Hazifiki 4.

Kumbe kiungo kilichopita upande mmoja kimeanguka upande wa pili. Katika michoro niliyoletewa nikague, hili ndilo kosa nililolikuta zaidi, na huwa limejificha kwa sababu mchoro unaonyesha boliti zilezile mbili.

Fundi wa chuma atasema ongeza boliti. Kwa faiba, hilo liwe la mwisho. Katika safu ya boliti zilizopangana kwa mstari, za pembeni hubeba zaidi ya za kati, na baada ya tatu kila inayoongezwa huleta faida ndogo huku ikileta tundu jingine la kudhoofisha engo. Ongeza unene. Mguu wa 100 × 100 × 10 unatupa 10 × 12 × 70, kilonyutoni 8.4, gawanya kwa 4 upate 2.1, na boliti mbili ni 4.2. Imepita kwa wembamba, lakini imepita, na mguu mnene unasaidia pia mnara usiyumbe.

Sasa mwisho wa engo. Kipande kinachochomoka hushikiliwa na kuta mbili za kukatwa, kila moja ikiwa na urefu kutoka ukingo wa tundu hadi ncha. Cheti kikiwa hakina nguvu ya kukatwa kwa ubapa, tumia 25 ya tabaka, ambayo iko upande wa usalama. Tundu la milimita 13 likiwa umbali wa 48 kutoka ncha, urefu ni 48 toa 6.5, yaani 41.5. Mara 6, mara 2, mara 25 ni kilonyutoni 12.45. Ni zaidi ya 10.8, kwa hiyo tundu litapondeka kwanza, kama tulivyotaka. Rudia na milimita 24: urefu ni 17.5, jibu ni 5.25. Boliti moja ileile, nguvu nusu, na sura ya kuharibika ni ya ghafla. Hesabu hii ya mistari miwili ingefanywa kabla ya kutoboa, mshazari wa Mtongwe usingelia.

Engo kukatika kwenye tundu: engo ina pande mbili kama herufi L, na upande mmoja una upana wa 76 toa 13, mara 6, milimita za mraba 378. Ukizidisha kwa 240 unapata karibu 90, na mtu anaweza kufurahi. Asifurahi. Kando ya tundu mkazo hurundikana. Kwenye chuma kilele hicho hufika mara 3 ya wastani, kisha chuma kinanyooka na kilele kinashuka. Kwa faiba ya E23, kwa sababu ni ngumu upande mmoja na laini upande mwingine, hesabu inatoa zaidi kidogo ya mara 4, na hakuna kunyooka. 90 inakuwa 21 hivi, na baada ya kugawanya kwa 4 ni 5.3. Bado tuko juu ya 4, lakini si kwa mbali kama ilivyoonekana. Na kwa kuwa engo imefungwa kwa upande wake mmoja tu, mvuto hauko katikati na engo inataka kupinda, basi usiitumie nafasi yote iliyobaki.

Boliti yenyewe haina neno. Ya stenlesi ya daraja A4-70, milimita 12, hukatika kwa takriban kilonyutoni 35. Katika kiungo cha faiba, boliti karibu kila mara ndiyo mtu mwenye nguvu chumbani. Kuweka boliti ya daraja kubwa zaidi hakuongezi chochote.

Hatua ya 5: Umbali

Haya yaandikwe ukutani karakana. Kutoka katikati ya tundu hadi ncha ya engo: mara 4 ya kipenyo cha boliti. Kati ya tundu na tundu: mara 4. Kutoka tundu hadi ukingo wa pembeni: isipungue mara 1.5, nami napenda 2 nafasi ikiruhusu. Kwa boliti ya 12 ni 48, 48, na 18 hadi 24.

Kwa upande wa mguu, pima umbali wa ncha kwa kufuata mstari wa mvuto, si kwa pembemraba na ukingo. Katika mguu wetu wa 100, boliti zikikaa milimita 32 na 66 kutoka mgongo (kona) wa engo, ile ya nje inabakiwa na 34 hadi ukingo, na kwa hanamu ya digrii 45 huo ni 48. Imeingia barabara. Ikiwa nafasi haitoshi, tumia bamba la kiungo, na mistari ya katikati ya mishazari ikutane pamoja na ya mguu katika nukta moja. Isipokutana, kila kiungo kinapewa msokoto ambao hesabu ya juu haikuuweka.

Hatua ya 6: Kutoboa

Keekee ya kawaida ya chuma itakufa baada ya matundu machache, kwa sababu glasi ni msasa. Tumia yenye ncha ya kabaidi au almasi. Mwendo wa drili uwe wa kasi, mkono uwe mwepesi. Nyuma ya engo bana ubao mgumu, la sivyo tabaka la mwisho litachanika keekee inapotokea. Usitoboe kwa kupiga panchi kamwe.

Tundu lisizidi boliti kwa zaidi ya milimita moja. Tundu pana huzaa balaa mbili: boliti moja inagusa kabla ya mwenzake na kubeba peke yake, na upepo ukibadili upande boliti inagonga huku na huku kama nyundo. Bana engo zote mbili pamoja na utoboe kwa mkupuo mmoja, utapata matundu yanayolingana bila kubahatisha. Likikosewa, usilipanue kwa tupa. Kata engo nyingine.

Vumbi lake ni glasi. Vaa barakoa inayoziba kweli, miwani na mikono mirefu, na uwaambie vijana wasioge kwa maji ya moto jioni hiyo kabla ya kujisafisha kwa ya baridi.

Kisha jambo linalosahauliwa zaidi: kila tundu na kila mkato umefunua vichwa vya nyuzi, na unyevu huingilia hapo. Paka rezini, ikauke, ndipo utie boliti. Mafundi wa mashua wa Mombasa wanaijua kazi hii ya faibaglasi kuliko wajenzi wa minara, na mimi mkono wa kupaka rezini nilifunzwa na ami mmoja aliyeziba mashua maisha yake yote. Ukimpata mtu kama huyo, mlipe vizuri umweke kwenye kikosi chako.

Hatua ya 7: Boliti na kukaza

Karibu na bahari, stenlesi ya 316 (ndiyo A4 ya hapo juu). Sehemu isiyo na hesi ndiyo iguse ukuta wa tundu. Hesi zikiingia tunduni zinakwangua nyuzi kama msumeno. Washa iwe kila upande, chini ya kichwa na chini ya nati, upana wake usipungue mara 2 ya boliti.

Washa ikibana vizuri huzuia ukuta wa tundu usifumuke, na kiungo kilichobanwa hustahimili zaidi kuliko kilicholegea. Lakini usiihesabu faida hiyo. Rezini chini ya mbano hujikunja polepole mwezi baada ya mwezi, na mkazo uliotia kwa spana hupungua. Kwa sababu hiyohiyo, usipange kiungo kinachotegemea msuguano wa mabamba. Kaza kwa spana ya kupimia hadi kiwango cha mtengenezaji wa engo, na nati iwe ya kujifunga. Ukikaza kwa nguvu ya mkono wa fundi wa chuma utaponda faiba kabla upepo haujavuma.

Kuna wanaouliza kwa nini tusigundishe. Daraja la waenda kwa miguu la Pontresina, Uswisi, lililojengwa mwaka 1997 kwa kimia cha faiba, lina vipande viwili vya mita 12.5 kila kimoja. Kimoja kimefungwa kwa boliti na kingine kwa gundi. Zote mbili ni njia halali. Kwa mnara wa kwetu mimi nachagua boliti, maana gundi inataka uso mkavu usio na chumvi, na ikishakauka huwezi kuona ndani yake kama imeshika. Boliti unaipandia na kuikagua.

Hatua ya 8: Joto na unyevu wa pwani

Namba za cheti hupimwa maabara, mahali pakavu na penye baridi ya wastani. Rezini ina joto lake la kulainika. Viwango vinataka joto la kazi libaki chini ya hapo kwa nyuzi joto 20 hivi. Rezini inayolainika kwenye 80 maana yake ni kikomo cha 60, na engo nyeusi iliyopigwa na jua la Februari inaweza kukaribia huko. Nguvu ya tundu ndiyo inayoumia zaidi joto na unyevu vikija pamoja, kwa kuwa huko kazi inafanywa na rezini zaidi ya nyuzi. Chagua rangi ya kijivu hafifu au nyeupe, chagua rezini ya vinilesta badala ya ya poliesta bei ikikubali, na udai kitambaa cha juu cha kuzuia jua lisichubue uso.

Usichanganye na faiba ya kaboni. Kaboni hupitisha umeme, na ikigusana na alumini au zinki kwenye hewa ya chumvi, chuma hicho huliwa haraka.

Hatua ya 9: Jaribu kabla ya kupandisha

Kata vipande vitano kutoka engo zilezile zilizoletwa, toboa kama utakavyotoboa za mnara, funga boliti moja kwa mkono tu bila kukaza, na uvivute katika mashine ya maabara hadi vishindwe. Vikishindwa kwa kupondeka, na kile dhaifu kabisa hakijashuka chini ya kilonyutoni 10.8, endelea. Hata kimoja kikichomoka au kupasuka, rudi kwenye hatua ya 5. Gharama ya vipande vitano ni ndogo, na sisi Mtongwe tungevivunja hivyo kwanza tungeokoa wiki tatu.

Hakikisha pia vibali viko mkononi kabla ya winchi: urefu wa mnara unahusu mamlaka ya usafiri wa anga, na uwanja wa Moi uko jirani.

Hatua ya 10: Ukaguzi

Panda baada ya mwezi wa kwanza ukaze tena boliti zote, kwa kuwa ndipo mbano umeshuka zaidi. Kisha kila mwaka mara mbili, kabla ya masika na baada ya kusi kutulia. Anza na viungo vya chini vya mishazari, upande unaopokea kusi.

Tazama pembezoni mwa washa. Weupe unaotanda kama ukungu ndani ya faiba ni tabaka zinazoachana. Mstari mwembamba unaotoka tunduni kufuata nyuzi ni mpasuko, hata uwe mfupi kama kucha. Engo hiyo ishushwe. Tia alama ya kalamu ya rangi kwenye nati na washa siku ya kukaza, ujue iliyozunguka. Na kila mwaka toa boliti moja katika kila upande wa mnara, upepo ukiwa umelala na mishazari imefungwa kamba, upime tundu kwa kalipa, kwa urefu na kwa upana. Wapimaji huhesabu tundu kuwa limeshindwa likitanuka kwa asilimia 4 ya kipenyo chake, nayo kwa tundu la 13 ni nusu milimita. Ukiona robo milimita, andika tarehe, na urudi kwenye tundu hilohilo baada ya miezi mitatu badala ya mwaka.